Hewa Mbaya Kisimani na Chombo cha Kuinusa

Leo sina habari za mbegu wala mbolea. Nina habari ya hewa, na nawaomba akina mama na vijana nao wasogee karibu na redio, maana jambo lenyewe linahusu uhai wa watu.

Kiangazi kimoja nilikuwa katika kijiji kimoja cha Ulyankulu kwa kazi ya kukagua vitalu vya tumbaku. Kama mjuavyo, vitalu huwekwa wakati wa jua kali, kabla ya mvua, na miche hutaka maji kila siku. Kisima kilichokuwa kikitumika kilichimbwa kwa mkono, kina chake kama mita 12, na maji yalikuwa yameshuka chini kabisa. Vijana wa pale walikuwa wameazima mashine ya petroli ya kuvutia maji. Wakaiweka ukingoni, ikanguruma, maji hayakuja. Hilo si ajabu. Mashine ya kunyonya iliyo juu ya ardhi haiwezi kupandisha maji kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, hata ukinunua yenye nguvu namna gani, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ndani ya mpira ni uzito wa hewa iliyotuzunguka, na uzito huo una kikomo chake. Vijana hawakujua hayo. Walijua tu kwamba mashine ikisogezwa karibu na maji, maji huja. Basi wakaishusha kwa kamba, wakaikalisha juu ya magogo waliyoyapachika ndani ya kisima, wakaiwasha.

Maji yalikuja kweli, watu wakashangilia. Baada ya nusu saa mashine ikazimika. Kijana mmoja akataka kushuka kuitazama. Shangazi yake, mama mmoja mkali, akakataa katakata mpaka afungwe kamba kiunoni, na wenzake wakamcheka kijana wa watu kwamba anafungwa kama mbuzi. Akashuka. Alipofika kwenye magogo tulimwita, akaitika. Tulipomwita mara ya pili hakuitika. Mdogo wake akavua viatu ili amfuate. Mzee mmoja akamkamata shati kwa nyuma hata likachanika. Tukavuta kamba, watu wanne. Kijana alitoka amelegea kama nguo mbichi, akatapika sana, na hata jioni maneno yake yalikuwa hayajanyooka. Alipona. Lakini bila kamba ya shangazi tungekuwa na maiti moja, na bila mkono wa yule mzee tungekuwa na mbili.

Usiku ule mzee yuleyule akaniuliza: "Bwana Shamba, mwanangu, sisi tulikuwa tumesimama pale mdomoni. Hatukunusa kitu. Hatukuona moshi, mashine ilikuwa imekwisha kuzimika. Hewa isiyo na rangi wala harufu, mtu ataijuaje?"

Siku ile nilimjibu nusu nusu. Leo nataka nimjibu vizuri.

Kwanza tuijue hewa yenyewe. Hewa tunayovuta hapa juu, kila sehemu 100 zake, sehemu 78 ni naitrojeni, na 21 ni oksijeni ambayo ndiyo inayotuweka hai. Kidogo kinachobaki ni gesi nyinginezo. Mojawapo ni hewa ya ukaa, ambayo kwa kawaida haifiki hata nusu ya kumi ya sehemu moja. Kisimani mizani hii huweza kuharibika kwa njia tatu. Majani na matope yanayooza hula oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini kama maji yanavyotuama. Pili, oksijeni yenyewe huweza kupungua tu kwa sababu kisima kimefungwa muda mrefu. Ya tatu ndiyo iliyompata kijana wetu: moshi wa mashine ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi.

Gesi hii ni mwizi asiyebisha hodi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba oksijeni. Hewa ikiwa na sehemu 1,600 tu za gesi hii katika sehemu milioni, mtu huumwa kichwa na kuona kizunguzungu katika dakika 20, na akiendelea kukaa humo saa 2 hazipiti atakuwa amekufa. Moshi unaotoka kwenye bomba la mashine ndogo ya petroli huweza kuwa na sehemu 30,000 na zaidi. Sasa fikiri moshi huo umefungiwa ndani ya shimo lenye upana wa hatua mbili. Tena mashine ikizimika, gesi haiondoki nayo. Inabaki palepale.

Bila shaka mko mnaosema: "Sisi tuna dawa yake, tunashusha taa au mshumaa. Ukizimika, hatushuki." Nawasifu kwa hilo, maana ni ujuzi wa kweli, lakini sikilizeni mpaka wake. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua hadi karibu sehemu 16 katika 100. Kwa hiyo hutuonya juu ya hewa iliyochoka. Juu ya kaboni monoksaidi hausemi neno. Katika ile hewa yenye sehemu 1,600, mshumaa utawaka vizuri kabisa, mwanga wake utapendeza, na mtu aliyeushika atakufa. Na mahali penye gesi inayoshika moto, mwali wenyewe ndio huleta mlipuko. Kwa hiyo mshumaa kisimani ni shahidi wa nusu.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikufa kwa wingi, na mwaka 1815 Humphry Davy akawatengenezea taa iliyozungushiwa wavu wa waya ili mwali usitoke nje kuwasha gesi. Baadaye wakawa wanashuka na ndege mdogo aitwaye kanari ndani ya tundu. Ndege huyu hupumua haraka kuliko mtu, kwa hiyo sumu humwangusha mapema, na wachimbaji wakiona ameanguka hukimbia. Ndege hao waliendelea kutumika huko hadi mwaka 1986.

Na hapa jirani, upande wa Goma katika Kongo, karibu na Ziwa Kivu, wenyeji wana neno lao: mazuku. Ni mabonde madogo na mashimo ambamo hewa ya ukaa inayotoka chini ya ardhi ya volkano hutuama, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi akiingia hufa, na mtoto vilevile, kwa kuwa pua zao ziko chini karibu na ardhi, ilhali mtu mzima aliyesimama huweza kupita asijue. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo hilo, mazuku, wakaliandika katika vitabu vyao. Ziwa Kivu lenyewe limebeba gesi nyingi sana chini ya maji yake, na Rwanda inaivuta methani ya humo kuzalisha umeme. Kwamba gesi ya ziwani si mchezo tulionyeshwa na Ziwa Nyos la Kameruni tarehe 21 Agosti 1986. Hewa ya ukaa ilifoka kutoka ziwani usiku, ikateremka mabondeni, na watu wapatao 1,700 walikufa pamoja na mifugo yao.

Basi turudi kwenye swali la mzee. Tunahitaji kitu kitutangulie kwenye hewa tusiyoijua. Zamani misafara ya pagazi iliyopita nchi hii kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia mbele, ambaye akisimama wote husimama. Chombo ninachotaka kuwaeleza kazi yake ni hiyo. Wataalamu hukiita kihisi cha gesi.

Hadithi yake ya kisasa inaanzia Japani. Watu wa huko walikuwa wakipikia gesi ya mitungi, gesi ikivuja nyumba zinalipuka. Mwaka 1962 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Tetsuro Seiyama, alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki hubadilisha namna unavyopitisha umeme unapokutana na gesi. Zinki ni ile wanayopaka mabati yetu ya kuezekea ili yasishike kutu. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya chombo kilichotumia oksidi ya madini ya bati, ndugu wa madini yanayochimbwa kwetu Kyerwa, mkoani Kagera. Chombo cha Taguchi ndicho baba wa vihisi vingi vinavyouzwa hadi leo.

Kinafanyaje kazi? Hebu chukueni mfano wa njia ya ng'ombe. Ndani ya punje za oksidi ya bati kuna chembe ndogo za umeme zinazotembea kutoka punje moja hadi nyingine. Punje zikipashwa joto, nyuzi 200 hadi 400, oksijeni ya hewani huja kukaa juu ya ngozi ya kila punje na kuzikamata zile chembe za umeme. Ni kama mtu amefunga zizi: ng'ombe hawatoki, umeme haupiti. Sasa ikija gesi kama kaboni monoksaidi, gesi hiyo ina uchu wa oksijeni. Inaikwangua pale juu ya punje, inaungana nayo na kwenda zake ikiwa hewa ya ukaa. Zizi limefunguliwa, chembe za umeme zinatoka, umeme unapita kwa wingi. Waya zilizounganishwa hapo huona mabadiliko, na kengele hulia. Gesi ikiondoka, oksijeni hurudi kukaa, zizi hufungwa tena. Hakuna uchawi humo.

Mkinifuata hapo, mtaona kwamba kazi yote hufanyika juu ya ngozi ya punje. Kiini cha punje hakina kazi kubwa. Na hapa ndipo panapoingia jambo ambalo siku hizi linatajwa sana, yaani nano.

Nano ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kibete. Chukua mita moja, ikate vipande 1,000,000,000, kipande kimoja ni nanometa. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa nanometa kama 80,000. Sasa, kwa nini mtu ajisumbue kusaga kitu hadi kiwe kidogo namna hiyo? Mama anayekausha muhogo anajua jibu. Muhogo mzima ukiuanika hukauka kwa siku nyingi, na ndani huoza. Ukiukata vipande vidogo hukauka upesi, kwa sababu umeuongezea ngozi ya kukutana na jua. Muhogo ni uleule, kilichozidi ni ngozi.

Fanyeni hesabu nami. Kipande chenye sentimeta 1 kila upande kina nyuso 6, kwa hiyo ngozi yake ni sentimeta za mraba 6 tu, hata kiganja hakijai. Kipande hichohicho ukikikata vijipande vya nanometa 10 kila upande, ngozi zote pamoja zinafika mita za mraba 600. Hiyo ni karibu sehemu moja ya saba ya eka! Shamba la mchicha la kutosha familia, limekunjwa ndani ya kitu unachoweza kukibana kwa vidole viwili. Gesi ikipita hapo ina mahali pa kugusa.

Tena kuna faida ya pili. Mwaka 1991 Noboru Yamazoe na wenzake, kulekule Kyushu, walieleza kwamba punje za oksidi ya bati zikiwa ndogo chini ya nanometa 6 hivi, uwezo wake wa kuhisi gesi unaruka juu ghafla. Sababu ni kwamba oksijeni inayokaa juu ya ngozi huathiri sehemu ya ndani kwa kina cha nanometa chache tu. Punje kubwa huathirika pembeni, ndani iko salama. Punje ikiwa ndogo sana, huathirika yote hadi kiini, kwa hiyo gesi kidogo tu huitikisa nzima.

Mwaka huohuo 1991 Mjapani mwingine, Sumio Iijima, aliandika habari za vijibomba vya kaboni vyenye unene wa nanometa chache. Kaboni ni kitu kilekile kilichomo katika mkaa wetu, ila kimejipanga kama mkeka uliokunjwa ukawa bomba. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba kijibomba kimoja cha namna hiyo hubadilisha upitishaji wake wa umeme kikikutana na gesi ya amonia, bila kupashwa joto lolote. Amonia mnaijua: ndiyo inayowachoma macho mkifungua banda la kuku lisilofagiliwa, na kama inakuchoma wewe uliyeingia dakika moja, kifaranga anayelala humo hali yake ni mbaya zaidi. Jambo la kutopashwa joto ni kubwa kwetu sisi tusio na umeme wa gridi kila kijiji. Chombo kinachotaka nyuzi 300 hula betri kama nzige. Kisichotaka joto kitaenda na betri ndogo muda mrefu.

Na mwaka 2012 kundi la Profesa Timothy Swager, katika chuo cha MIT hukohuko Marekani, likatumia vijibomba hivyo kuhisi ethilini, gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva. Sisi watu wa Tabora, nchi ya maembe, tunaijua kazi ya ethilini ingawa hatujui jina: embe moja lililoiva likiwekwa kwenye tenga huwaivisha wenzake, na lililooza huwaozesha. Mwenye ghala la matunda akiweza kuinusa gesi hiyo mapema atajua ni tenga lipi lipelekwe sokoni kwanza.

Msidhani kwamba elimu ya nano iko ng'ambo tu. Arusha, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano, na mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Hilo ni la maji, si la gesi, lakini msingi ni mmoja: kuongeza ngozi ya kukamatia. Na kama mnataka pua hai, Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku. Panya hao hunusa makohozi na kutambua kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huifanya kwa siku nne. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu. Panya yule tunayemfukuza shambani kwa jembe! Bado hakuna chombo cha mkononi kinachomfikia panya huyu kwa kuchambua harufu, na nasema hivyo ili msije mkauziwa maneno.

Maana sasa nafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kihisi cha oksidi ya bati hakichagui. Kitalia kwa kaboni monoksaidi, kitalia kwa gesi ya kupikia, kitalia kwa moshi wa kuni, na jirani yako akipika gongo kitalia vilevile mpaka mkutukanane. Unyevu wa masika nao hukiyumbisha. Watafiti huongeza chembe za paladi au dhahabu juu ya punje ili kukielekeza kwenye gesi moja, au huweka vihisi kadhaa pamoja na kulinganisha majibu yao. Kazi hiyo inaendelea. Kwa kaboni monoksaidi majumbani, kengele nyingi zinazoaminika zinatumia kihisi cha namna nyingine, chenye dawa ndani yake kama betri, na hicho hakidanganywi ovyo na gongo.

Kubwa zaidi ni hili, naomba mlishike. Hewa ya ukaa haiungui tena, imekwisha ungua. Haina uchu wa oksijeni, kwa hiyo haiwezi kufungua lile zizi nililolieleza. Kengele ya gesi ya kupikia au ya kaboni monoksaidi, uliyoinunua mjini na kuitundika kamba, ukiishusha kwenye kisima kilichojaa hewa ya ukaa itanyamaza kimya. Nawe utasema kisima ni salama. Utakuwa umenunua kifo chako kwa fedha yako. Kwa kisima panahitajika chombo cha gesi nne, kile wanachovaa wachimba migodi na mafundi wa mabomba ya maji taka. Kwa kawaida chombo hicho hupima oksijeni, kaboni monoksaidi, gesi zinazoshika moto, na ile gesi inayonuka yai viza. Kipimo cha oksijeni ndicho mlinzi mkuu, kwa kuwa gesi nyingine yoyote ikijaa, oksijeni husukumwa nje. Kikisoma chini ya sehemu 19 na nusu katika 100, mtu asishuke. Wakati wa kupima chombo hushushwa polepole hadi chini, kinasubiriwa dakika kadhaa, tena kinapimiwa juu, katikati na chini, maana hewa ya kisima ina matabaka kama maji na mafuta.

Chombo hicho kina bei, sitawaficha, mkulima mmoja peke yake ataona mzigo. Lakini chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kinachoweza kununua mizani kinaweza pia kununua kimoja cha wanachama wote na kumkabidhi mtu mmoja mwenye akili timamu akitunze. Vihisi huzeeka hata visipotumika, kwa hiyo lazima kipelekwe kupimwa usahihi wake kwa wakati ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kama hakuna chombo, hakuna kushuka. Mashine ya moto isishushwe kisimani hata siku moja, hata ikiwa ni ya dakika tano. Kama kina kimezidi mita 7, tumieni ndoo na kapi, pampu ya mkono ya kisima kirefu, au pampu ya sola inayozama majini.

Sasa mabani. Wakati wa kukausha tumbaku mtu hulala karibu na bani usiku kuangalia moto, na baridi ikimzidi hujikunyata mle mlangoni mwa tanuru au huingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda chake na kuziba mlango kwa gunia. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi ndio hasa unaotoa kaboni monoksaidi, nao unaonekana safi. Kibandani humo ndimo pa kutundika ile kengele ya kaboni monoksaidi ya betri, na hapo itakusaidia kweli kweli. Kabla ya kuingia bani kutazama majani, fungua mlango na matundu ya juu, usubiri. Mabomba ya kupitishia moshi ndani ya bani yakaguliwe kila mwanzo wa msimu: washa moto mdogo wa majani mabichi kabla ya kupakia tumbaku, na kila mahali moshi unapopenya ndipo gesi itakapopenya. Tundu dogo kama kidole linatosha. Ukiamka na kichwa kinakuuma, na mwenzako uliyelala naye kinamuuma vilevile, msiseme ni malaria ya wote wawili. Tokeni nje kwanza.

Katika ghala la mahindi kuna sumu ya tatu. Vidonge vya kufukizia nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Ukikiweka kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 na urefu wa mita 2 na nusu, gesi ikisambaa yote humo inafika sehemu kama 30 katika milioni. Kiwango kinachoruhusiwa mfanyakazi kuvuta ni sehemu 0.3. Ni zaidi ya mara 100! Na wapo wanaoweka vidonge vitano kwenye magunia, kisha watoto wanatandikiwa mkeka chumba hichohicho kwa sababu nyumba ni ndogo. Watu husema gesi hii ina harufu ya vitunguu saumu. Ni kweli mara nyingine, lakini harufu huweza kupotea na gesi ikabaki. Kufukiza ni kazi ya mtu aliyefundishwa, katika ghala lisilolala mtu. Kwa mkulima wa magunia kumi au ishirini nashauri mifuko isiyopitisha hewa: mahindi yakauke vizuri, mfuko ufungwe barabara, dumuzi waliomo wamalize oksijeni yao wenyewe wafe humo. Hapo hewa mbaya imewageukia wao.

Na mtu akiwa amekwisha kuanguka kwa gesi? Mkiwa mmemtoa, mlazeni penye upepo, mlegezeni nguo, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni. Mpelekeni kituo cha afya hata akisema amepona. Kaboni monoksaidi haiondoki kwenye damu upesi: kwa hewa ya kawaida nusu yake huchukua saa 4 au 5 kutoka, na kwa oksijeni ya hospitali kama saa moja na nusu. Maziwa hayasaidii. Najua mama zetu wana imani nayo, na kwa mtu aliyezimia maziwa huingia mapafuni yakamuua.

Nilipita tena kijiji kile baadaye. Kisima kimefunikwa kwa zege na kimewekwa pampu ya mkono. Ile kamba shangazi ameihifadhi, ameitundika nyuma ya mlango wake, na mtu akienda kuiazima kwa kufungia ng'ombe anamnyima. Mzee naye akanikumbusha kwamba nina deni la jibu. Mzee wangu, kama unasikiliza, jibu ndilo hilo, na karatasi ya maelezo ya chombo cha gesi nne nimeiacha kwa katibu wa chama chenu. Ninyi wengine mwenye swali aandike barua kwa kipindi hiki, ataje kina cha kisima chake na namna anavyoteka maji, nami nitamjibu.